Mzigo na Upakiaji: Historia Fupi ya Dhana Mbili Zilizochanganywa

Miongoni mwa istilahi zinazofika mezani kwa wafasiri siku hizi, zile zinazohusu tovuti zimekuwa nyingi mno. Baadhi yake ni ngumu na ugumu wake unaonekana, kwa hiyo mfasiri huzikaribia kwa tahadhari. Nyingine zaonekana nyepesi, na hizo ndizo zenye hatari. Katika makala haya tunakusudia kushughulikia istilahi moja ya namna hiyo, ambayo tukiifasiri ovyo mtumishi wa serikali aweza kutia sahihi hati isiyosema alilokusudia.

Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo mawili. Kwanza ni kile kitendo cha ukurasa kuingia katika kompyuta au simu ya msomaji mpaka ukaonekana wote. Pili ni uzito wa kazi unaoikalia kompyuta inayotoa ukurasa huo, yaani seva, wakati watu wengi wanapouhitaji kwa pamoja. Kiswahili hakina shida hiyo. Tangu zama za majahazi tunapakia na tunapakua, na hicho ni kitendo. Kile kinachopakiwa ni shehena au mzigo, na hicho ni kitu chenye uzito. (Kwamba kupakua pia ni kutoa wali chunguni hakujamtatiza mpishi wala nahodha.) Tayari neno "Inapakia" limekwisha kuzoeleka katika vioo vya simu kwa ile maana ya kwanza, wala hatuoni sababu ya kuliondoa.

Sasa mfasiri akikutana na jina la lile jaribio ambalo hufanywa ili kujua kama tovuti itastahimili umati, naye akashika maana ya kwanza, ataandika "jaribio la upakiaji". Msomaji wa masharti ya zabuni ataelewa kwamba mtu mmoja atafungua ukurasa, atatazama saa, na ataandika sekunde zilizopita. Mzabuni naye atafanya hivyo hivyo, ataleta taarifa ya kweli tupu, naye atastahili kulipwa. Jambo lililotakiwa litakuwa halijafanywa. Jina sahihi ni "jaribio la mzigo", na ili tusionekane tunabishana juu ya maneno matupu, hatuna budi kuitazama historia ya dhana yenyewe.

Historia hiyo haianzii kwenye kompyuta, inaanzia kwenye simu za waya. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyezaliwa mwaka 1878, aliajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen mwaka 1908. Swali alilokabidhiwa lilikuwa la kibiashara: waya na wafanyakazi wangapi wanatosha kuhudumia mji ambao watu wake hupiga simu bila kupeana taarifa? Kuweka waya kwa kila mtu ni ufujaji, na kuweka wachache ni kuwaudhi wateja. Mwaka 1909 alichapisha makala yaliyoonyesha kwamba simu zinazoingia bila mpango zina utaratibu wake katika hisabati ya bahati. Mwaka 1917 akatoa kanuni mbili ambazo wahandisi wanazitumia hata leo. Moja yahusu mfumo ambao anayekuta waya zimejaa hukatwa akaenda zake. Ya pili yahusu mfumo ambao anayekuta zimejaa hungoja. Mwaka 1946 kamati ya kimataifa ya simu iliamua kwamba kipimo cha mzigo wa simu kiitwe erlang. Hivyo jina la mtu likawa istilahi, kama yalivyokuwa majina ya Volta na Ampère, na mzigo ukapata kipimo kabla ya tovuti ya kwanza kuwako.

Elimu ya foleni iliyokua kutokana na kazi hiyo inatufundisha jambo moja ambalo watu wengi hawalitarajii. Tuseme seva moja huchukua wastani wa sekunde 1, muda wenyewe ukibadilika ovyo, kumhudumia mtu mmoja, na watu wanafika bila mpango. Ikiwa imeshughulika nusu ya muda wake, mtu atapata jibu kwa wastani wa sekunde 2. Ikishughulika kwa asilimia 80, ni sekunde 5; kwa asilimia 90, ni 10; kwa asilimia 95, ni 20. Angalieni kwamba kutoka asilimia 90 hadi 95 kazi imeongezeka kidogo tu, ilhali kungoja kumeongezeka maradufu. Ndiyo maana tovuti inayokwenda vizuri asubuhi yaweza kukwama adhuhuri bila kitu kuharibika. Kwa hali hiyo Kiswahili kina kitenzi kizuri kuliko vyote tulivyoona katika lugha nyingine: kulemewa. Seva iliyolemewa haikuvunjika wala haikuzimika. Mzigo umeizidi.

Kanuni nyingine, aliyoithibitisha John Little huko Marekani mwaka 1961, ni rahisi hata kwa mwanafunzi wa shule. Idadi ya watu waliomo mahali ni sawa na idadi ya wanaoingia kila dakika, ikizidishwa kwa dakika anazokaa kila mmoja. Wakiingia watu 2,000 kila dakika, na kila mmoja akakaa dakika 25, waliomo ni 50,000. Lakini kurasa zikiwa nzito hata mtu akahitaji dakika 50 kumaliza shughuli ile ile, waliomo watakuwa 100,000, japokuwa hakuna mgeni hata mmoja aliyeongezeka mlangoni. Hapa ndipo upakiaji na mzigo vinapokutana. Ukurasa ukifanywa mwepesi, kwa kupunguza picha kubwa na kuhifadhi karibu nakala za yale yanayoombwa mara kwa mara, mtu hukaa muda mfupi na mzigo wa seva hushuka. Kimoja ni sababu na cha pili ni matokeo. Anayevipa jina moja hawezi tena kueleza uhusiano huo.

Ama kuhusu kiasi gani cha kungoja kinavumilika, Robert Miller aliandika juu yake mwaka 1968, na Jakob Nielsen akayafafanua mambo hayo mwaka 1993 kwa vipimo ambavyo vingali vinafuatwa: sehemu ya kumi ya sekunde, mtu huona jibu limetoka papo hapo, sekunde 1, huona kuchelewa lakini mawazo yake hayakatiki, sekunde 10, huanza kufikiria mambo mengine. Hatuna la kuongeza hapo.

Mfano unaotufaa zaidi ni wa Marekani, mwaka 2013, kwa kuwa ulihusu serikali na wananchi wake na takwimu zake zilitangazwa hadharani. Kwa mujibu wa sheria ya afya iliyotiwa sahihi mwaka 2010, wakazi wa majimbo 36 walitakiwa kutafuta bima kupitia tovuti moja ya serikali kuu, HealthCare.gov. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013. Katika saa 24 za kwanza ilitembelewa na watu kiasi cha milioni 4.7. Hati zilizotolewa baadaye kwa kamati ya bunge zilionyesha kwamba waliofanikiwa kujiandikisha siku hiyo walikuwa 6.

Maofisa walieleza kwamba walitarajia watu 50,000 hadi 60,000 kwa wakati mmoja, wakaja 250,000. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini sisi tunaona hayatoshi. Wakandarasi walipohojiwa bungeni tarehe 24 Oktoba walisema kwamba majaribio ya mfumo mzima, toka mwanzo wa safari ya mwombaji hadi mwisho wake, yalifanyika katika majuma mawili tu kabla ya ufunguzi. Magazeti nayo yaliripoti kwamba siku chache kabla, mfumo ulijaribiwa kwa watumiaji bandia mamia kadhaa tu, nao ukashindwa. Kwa maneno mengine, hata wangekuja wale 50,000 waliotarajiwa, mlango usingepitika.

Kulikuwa na kosa jingine, na hili lilikuwa la mpangilio. Mgeni hakuruhusiwa kutazama bima na bei zake mpaka kwanza afungue akaunti na kuthibitisha yeye ni nani. Hivyo kila mtu, hata aliyekuja kuchungulia tu, alisukumwa katika sehemu ile moja iliyo nzito kuliko zote. Wahandisi wa Kiingereza huifananisha sehemu kama hiyo na chupa, na baadhi ya wafasiri wetu wameanza kuandika "shingo ya chupa". Hatuoni haja. Mtu asiyejua lugha ile atatafuta chupa asiione. Tukisema "panapobana" kila msomaji ataelewa, na mhandisi atakubali kwamba ndipo hasa pa kupima kwanza, kwa kuwa kuongeza seva mahali pasipobana hakumsaidii mtu.

Marekebisho yaliyosimamiwa na Jeff Zients yalichukua hadi mwisho wa Novemba. Taarifa iliyotolewa tarehe 1 Desemba 2013 ilisema kwamba kasoro zaidi ya 400 zimeondolewa, mitambo imeongezwa, muda wa kujibu umeshuka kutoka sekunde 8 hadi chini ya sekunde 1, na makosa yameshuka kutoka asilimia 6 hadi chini ya asilimia 1. Ilisema pia kwamba tovuti sasa yaweza kubeba watu 50,000 kwa wakati mmoja, na zaidi ya 800,000 kwa siku.

Hebu tusimame katika tarakimu hizo mbili za mwisho, maana zina istilahi ndani yake. Zote mbili zahusu watu, na zote mbili ni sahihi, lakini moja ni kubwa kuliko nyingine mara 16. Mtu akiandika tu kwamba "tovuti ihudumie watumiaji 50,000", mzabuni aweza kuchukua 50,000 kwa siku, ambao ni wepesi sana, na mwandishi alikusudia 50,000 kwa mpigo. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika hati za Kiswahili neno "watumiaji" lisisimame peke yake mahali pa namna hii. Tuseme "waliomo" kwa wale walio ndani kwa wakati mmoja, na "waliopita" kwa hesabu ya siku nzima. Ni maneno ya kawaida, yana sarufi yake, na hayahitaji maelezo pembeni.

Wastani nao una udanganyifu wake. Katika watu 100, ikiwa 95 wanajibiwa kwa nusu sekunde na 5 wanangoja sekunde 20, wastani ni chini kidogo ya sekunde 1.5, na taarifa itapendeza. Wale watano ndio watakaofika ofisini kulalamika. Ni afadhali hati itaje kwamba watu 95, au 99, katika kila 100 wajibiwe kabla ya sekunde kadhaa.

Kuna kuchelewa ambako hakutokani na mzigo kabisa, na hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ya intaneti ilipita katika setelaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 36,000. Ombi kupanda na kushuka, na jibu kupanda na kushuka, huchukua karibu nusu sekunde hata kama seva haina mgeni mwingine duniani, kwa maana mwanga wenyewe hauendi upesi zaidi ya hapo. Waya wa Seacom ulipoanza kazi Julai 2009 ukiunganisha Dar es Salaam na Mombasa na ng'ambo, umbali huo ulipungua. Lakini jaribio la mzigo linalofanywa katika chumba kile kile chenye seva halipimi umbali. Laweza kutoa matokeo mazuri sana, na mwalimu aliyeko Kigoma asiyaone. Kwa kuchelewa huku tunaonelea litumike neno "ukawizi", kutokana na kukawia, na "muda wa kujibu" libaki kwa jumla ya yote.

Programu za kuigiza umati zimekuwako tangu miaka ya 1990. JMeter, mojawapo inayojulikana sana, ilitolewa mwaka 1998. Kompyuta chache hujifanya watu maelfu. Majaribio yenyewe hutofautiana kwa kusudi. Lile la kupima idadi inayotarajiwa ni jaribio la mzigo. Lile la kuongeza mpaka mfumo ushindwe, ili kujua utashindwaje, tungeliita jaribio la kulemeza. La kuleta watu wote kwa ghafla, kama ilivyo saa ya kutangazwa matokeo ya mitihani, ni jaribio la kishindo. La kuubebesha mfumo mzigo wa kawaida kwa siku kadhaa mfululizo ni jaribio la ustahimilivu, nalo hufichua kasoro zinazojikusanya polepole, kwa mfano kumbukumbu isiyorudishwa baada ya kutumiwa.

Limebaki jina moja ambalo bado lina ubishi. HealthCare.gov, ilipofika Desemba 2013, iliwekewa ukurasa wa kuwazuia wageni mlangoni pindi ndani pakijaa. Mtu aliweza kuacha anwani yake ya baruapepe ili aarifiwe wakati wa kurudi. Ni ile kanuni ya pili ya Erlang, ya mwaka 1917, kuchukua nafasi ya ile ya kwanza. Wengine wameupa ukurasa wa namna hiyo jina la "chumba cha kungojea". Kwa maoni yetu chumba hakimwambii mtu nani yu mbele yake, na kwa kuwa mfumo huo hupanga watu kwa zamu, "ukurasa wa foleni" ungefaa zaidi.