Ngoma Iliyopita Kilwa

Nilimwona Bi Kidude mara ya kwanza kwenye televisheni ya jirani yetu, Chinongwe, nikiwa kidato cha tatu. Kikongwe amejifunga ngoma ndefu kiunoni, amesimama, anapiga. Bibi yangu, ambaye kwa miaka mingi amewafunda mabinti wa Kimwera, alitazama kidogo akasema, "Huyu kafundwa." Kisha akataka tuzime. Mambo ya unyago hayaonyeshwi mbele ya wavulana.

Leo nasoma shahada ya uzamili ya historia, na neno lile bado linanisumbua. Bibi hajawahi kufika Unguja. Aliitambuaje ngoma ya huko?

Katika karne ya 19, maelfu ya watu kutoka pande za Ziwa Nyasa walipitishwa kusini mwetu hadi Kilwa, wakauzwa Unguja. Walinyang'anywa ndugu, hata majina. Lakini mdundo haufungwi pingu. Wanawake walivuka nao, wakawafunda binti zao ugenini, na hao wakawafunda wajukuu.

Katika Unguja hiyo, kijijini Mfagimaringo, ndiko alikozaliwa Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, binti wa muuza nazi. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa. Mwenyewe alisimulia kuwa alikimbia ndoa ya kulazimishwa akiwa bado msichana mdogo. Taarabu aliipata kwa kumsikiliza Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa familia ya watumwa aliyeuza vyungu kabla ya kurekodi santuri Bombay mwaka 1928. Ngoma aliipata unyagoni. Aliolewa, akaachika, hakujaliwa mtoto. Akaishi kwa kupaka wanawake hina, kutibu kwa mitishamba na kuwafunda mabinti wa wenzake.

Ndiyo maana siamini wanaosema alikuwa na kipaji tu. Sauti yake kavu ilizoea kushindana na ngoma uani. Alipoimba taarabu, aliiimba kama somo anayemwambia mwari ukweli bila kupepesa. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza. Wapo waliolalamika kwamba ameanika siri za wanawake jukwaani. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na leo tunaweza kumsikia kwa sababu alikubali lawama hiyo.

Bibi yangu hajakubali. Mimi sikufundwa, kila msimu wa unyago nilikuwa shule ya bweni, na nilijisifu kwa hilo. Mwaka jana nilimwendea na simu nikaomba nimrekodi.

"Zima hiyo," akasema. "Njoo na mikono."

Nimekwenda likizo mbili sasa. Viganja vinauma, na mdundo wa pili bado unanishinda. Bibi anazeeka. Kila nikikosea, ananishika mkono na kuanza upya.