Nilimuuliza Babu Kuhusu Magunia

Babu yangu alikuwa kuli wa Kilindini. Nina dakika 11 za sauti yake kwenye simu, na kila nikizisikiliza najiona mjinga.

Ilikuwa 2019, ule mwaka wa maandamano ya Jumatatu. Serikali ilikuwa imeamuru makontena yanayoshushwa Mombasa yapande SGR moja kwa moja hadi bara. Watu wa malori, watu wa maghala, akina mama wanaowapikia madereva, wote wakawa wanaitazama riziki yao ikipita kwenye reli. Video zilijaa WhatsApp. Nikamwonyesha babu moja, tumekaa barazani kwake Kibokoni, yeye na kikoi chake na kahawa yake. Aliitazama hadi mwisho, akanirudishia simu.

"Wachache hawa," akasema. "Sisi tuligoma mji ukanyamaza."

Hapo ndipo nikabonyeza kurekodi. Nilikuwa nimeacha chuo, nimejiambia nitatengeneza dokumentari, na nilikuwa nimetazama nyingi kiasi cha kudhani najua maswali ya kuuliza. Gunia moja lilikuwa na uzito gani, babu? Mlilipwa ngapi? Uliwahi kuumia? Ukisikiliza ile rekodi utamsikia mara tatu akianza, "Siku ile tulipokutana..." na mara tatu utanisikia mimi nikimkata kauli. Na mgongo je, babu? Haukukuuma? Basi ananijibu kwa adabu kuhusu mgongo. Babu alifariki 2021.

Nimekaa na hili jambo muda sasa, nikijiuliza yale maswali niliyatoa wapi. Nadhani niliyatoa kwenye filamu.

Sinema yenyewe ilianza na wafanyakazi. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu Lumière walipowaonyesha watu wa Paris filamu zao, mojawapo ilikuwa ya wafanyakazi wakitoka kiwandani Lyon. Haifiki hata dakika moja. Geti linafunguka, wanawake kwa wanaume wanamiminika nje, baiskeli, mbwa, kwisha. Kiwanda kilikuwa cha Lumière wenyewe. Yaani picha ya kwanza maarufu ya wafanyakazi duniani ilipigwa na tajiri wao, na kamera ilikaa nje ya geti. Mwaka uliofuata, hapa kisiwani, Waingereza wakaanza kutandika reli ya Uganda kwa mikono ya maelfu ya vibarua waliotolewa India.

Kamera ilipotufikia sisi, ilikuja na mwalimu. Mwaka 1939 Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni, kikiongozwa na William Sellers, mtu aliyeamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda mbio, kwa hiyo aonyeshwe mambo polepole, moja moja. Mojawapo ya filamu zao za mwanzo, ya 1940, inaonyesha familia ya Kiingereza inavyoishi nyumbani. Magari ya sinema yalizunguka Afrika kuwafundisha watu usafi, kilimo, kuweka akiba. Kwa hiyo mtu asikwambie kamera hazikuwepo. Zilikuwepo, zilikuwa na kazi nyingine.

Manake mwaka huo huo wa 1939, Julai na Agosti, Mombasa iligoma. Mwaka 1945 serikali ikaunda tume chini ya Arthur Phillips ichunguze kwa nini mji huu hautulii. Halafu ikaja Jumatatu ya tarehe 13 Januari 1947.

Wafanyakazi kama 15,000 waliacha kazi. Makuli, watu wa reli, watu wa hoteli, hadi wapishi na maboi wa majumba ya wazungu. Babu alikuwa na miaka tisa. Anachokumbuka ni kimya, na mamake akiwakataza kutoka nje. Mgomo ulidumu siku 12, na kila siku watu walikusanyika kiwanjani upande wa Majengo, mahali walipopaita Kiembeni. (Sio Kiembeni ya siku hizi, ile ya kupanda matatu uvuke daraja la Nyali. Hii ilikuwa hapa hapa kisiwani.) Pale ndipo walipoamua mambo. Pale ndipo chama chao kilipopata nguvu, African Workers' Federation, na Chege Kibachia, kijana aliyekuja kutafuta kazi pwani, akawa sauti yake kuu.

Hebu fikiria mkutano ule. Mdigo, Mjaluo, Mkikuyu, Mkamba, Mswahili wa Mji wa Kale, mtu wa mshahara wa mwezi na kibarua wa siku ambaye asipoitwa asubuhi halali na kitu. Wote hao walikubaliana vipi? Nani alisema turudi kazini akazomewa? Nani aliwalisha wasiokuwa na akiba? Eliud Mathu, Mwafrika pekee katika Baraza la Kutunga Sheria wakati huo, alikuja kuwasihi warudi, na wakarudi baada ya kuahidiwa kwamba madai yao yatasikilizwa. Barazani lililoundwa kuyasikiliza alikaa Jaji Ransley Thacker, na mishahara ikaongezwa. Thacker huyo huyo ndiye aliyekuja kumhukumu Kenyatta na wenzake Kapenguria mwaka 1953. Kibachia yeye alikamatwa Agosti 1947, akapelekwa Kabarnet, na huko Baringo akazuiliwa miaka kama kumi.

Mengi tunayoyajua kuhusu siku zile yametoka kwenye ripoti za tume na mafaili ya maafisa, watu ambao haja yao kubwa ilikuwa kuona meli zinapakuliwa.

Mgomo wa babu mwenyewe ulikuwa wa Machi 1955. Hali ya hatari ilikuwa bado imetangazwa nchini, mikutano ilikuwa kitu cha kuombea ruhusa, na bado makuli waligoma. Chama cha wafanyakazi wa bandari kilikuwa bado kichanga. Tom Mboya, mwenye miaka 24 tu, alishuka kutoka Nairobi akazungumza na makuli, akazungumza na waajiri, na shauri lilipoamuliwa mishahara ilipanda kwa asilimia 33. Babu alikuwa na miaka 17. Nilikuwa nimekaa na mtu aliyekuwepo, wallahi, na nikamuuliza kuhusu magunia.

Sasa nirudi kwenye filamu. Wengi wetu tukisikia dokumentari kuhusu wafanyakazi wa Afrika Mashariki tunakumbuka Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya 2004, iliyopigwa Mwanza. Ile ya minofu ya sangara inayopanda ndege kwenda Ulaya na mafupa yanayobaki kwa wenyeji. Rais Kikwete aliikemea hadharani 2006, kwamba inaichafua nchi. Ugomvi wangu nayo ni mwingine. Ukimaliza kuitazama unaijua njaa ya wale watu. Unamjua mlinzi wa usiku anayelipwa dola moja. Ila hujui kama wafanyakazi wa viwanda vile waliwahi kukaa pamoja wakaulizana, tufanyeje? Na sio Sauper peke yake. Tazama zile filamu fupi za mashirika, zenye piano ya huzuni: mikono yenye malengelenge, jasho, mtoto analia, halafu nambari ya kuchangia. Mfanyakazi ni mgongo. Hana mdomo ila wa kulalamika.

Linganisha na Harlan County, USA ya Barbara Kopple, ya 1976, kuhusu wachimba makaa wa Kentucky. Shida zipo mle, tena nyingi, na kuna mtu anauawa. Lakini Kopple alikwenda kuishi nao, kwa hiyo alikuwepo kwenye mikutano. Wake wa wachimbaji wanagombana, wanashutumiana, wanapatana, alfajiri wako barabarani kuzuia magari ya wavunja mgomo. Unaona watu wakifikiri. Niliitazama mara ya kwanza baada ya babu kufariki, kwenye laptop ya kuazima, na nilipofika kwenye ule mkutano wa wanawake nikaisimamisha. Kumbe hii ndiyo "siku ile tulipokutana".

Waliokuwa vijana wa miaka 20 kule Kiembeni sasa wanakaribia mia, wale wachache waliobaki, kama wapo. Wa 1955 ni wazee wa themanini na zaidi. Na ajabu ni kwamba maandamano ya 2019 yana picha hadi za kumwaga, kila mtu alikuwa na simu juu. Amri ile ya SGR iliondolewa 2022. Jaribu leo kutafuta mahali ambapo mmoja wa wale walioandamana anaeleza walivyokutana Jumapili kupanga Jumatatu.

Juzi nilikwenda Bandari ya Kale na simu yangu. Mahamali walikuwa wamekaa kivulini wakisubiri jahazi. Nikajieleza, nikasema mimi ni mjukuu wa fulani, wakanikaribisha. Mmoja akaniuliza nataka kujua nini, nikasema nataka kujua huwa mnakubaliana vipi bei ya kupakua, na asiyekubali mnamfanyaje. Wakaangaliana, wakacheka.

"Hayo hayasemwi hapa," akasema mkubwa wao, akinyoosha mkono kuelekea alikosimama mwenye mzigo. "Tena nikikaa nawe saa nzima, mwanangu, zamu yangu apewa mwengine. Njoo Ijumaa, baada ya swala. Na uje na kahawa."

Nimeshanunua.