Kusukuma Baiskeli Kwenye Theluji

Machi 1919, miezi michache baada ya mizinga ya Vita Kuu ya Kwanza kunyamaza, Walter MacGregor Robinson na wenzake walivuka milima ya Berwyn, kaskazini mwa Wales, na baiskeli zao. Wangeweza kuzunguka kwa barabara za kawaida. Wakaichagua njia ya juu, nayo ilikuwa imejaa theluji. Kuna sehemu hawakuendesha kabisa, walishuka, wakasukuma.

Robinson aliandika katika gazeti la Cycling kwa jina la Wayfarer, yaani msafiri. Mei mwaka huohuo alichapisha habari za safari hiyo na kuipa kichwa "Over the Top". Leo tunaweza kudhani anazungumzia kilele tu. Lakini msomaji wa 1919 aliyajua vizuri maneno hayo: ndiyo askari waliyoyatumia kwa ile dakika ya kutoka handakini na kukabili risasi. Naye Robinson alikuwa amerudi vitani na jeraha la mguu.

Ndiyo maana siwezi kuisoma safari hiyo kama mchezo wa watu waliokosa kazi. Naona mtu aliyeamua kuyanyang'anya maneno yake vitani. Safari hii kupanda juu hakukuwa na kamanda wala amri. Kulikuwa na baridi, marafiki, na upande wa pili wa mlima.

Kuna jambo jingine linalonigusa. Kwetu Tanzania baiskeli ni chombo cha kazi. Anayeshusha mkaa au ndizi mjini hujua kwamba mlima ukikaza, unashuka na kusukuma, na hakuna anayemcheka. Wayfarer aliwaambia wasomaji wake jambo hilohilo kwa njia nyingine: kusukuma si kushindwa. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na uhuru wa kuuchagua mlima, na tofauti hiyo si ndogo. Mbeba mkaa hapangi tarehe na hali ya hewa.

Mwaka 1955, katika mji wa Leominster, Uingereza, waendesha baiskeli waliopenda njia mbovu waliunda chama, Rough-Stuff Fellowship. Picha zao za zamani zilikusanywa kuwa kitabu mwaka 2019: watu wenye makoti mazito wamebeba baiskeli mabegani, wakivuka vijito na mawe. Ukizitazama unaweza kujiuliza kwa nini hawakuziacha nyumbani! Ila nyuso zao zina furaha.

Wayfarer alifariki 1956. Mwaka uliofuata aliwekewa jiwe la kumbukumbu pale juu Berwyn, karibu na njia aliyoivuka. Jirani yake kuna kisanduku chenye daftari la wageni. Wanaofika, kwa magurudumu au kwa miguu, huandika majina yao humo. Kwa mwandishi wa habari, sijui heshima gani inazidi hiyo: watu wamesoma, wakaenda kujionea, kisha nao wakaandika.