Juzuu ya Sita (Sehemu ya Nne)

ILIPOISHIA: Tokyo, Machi 1993. Muuza vitabu wa Jimbocho alinikabidhi juzuu ya mwisho ya Akira. Nilipotoa pochi akatikisa kichwa. "Hiki kimeshalipiwa, binti yangu."

SASA ENDELEA...

"Kimelipiwa na nani, mzee?"

Hakunijibu upesi. Alikifunga kitabu kwa karatasi, akikunja pembe moja baada ya nyingine.

"Kijana mmoja mwenye koti jekundu. Alikuja asubuhi, hata maboksi sijayafungua. Akasema jioni atakuja msichana, atalitazama jalada kwa muda mrefu kabla ya kuligusa."

Miguu iliniisha nguvu. Tabia yangu hiyo ilijulikana na mtu mmoja tu duniani.

Kaka.

Katsuhiro Otomo alipoanza kuichora Akira katika Young Magazine, mwaka 1982, nilikuwa na miaka saba. Kaka ndiye aliyenisomea, sauti nzito akimpa Kaneda, ya kukwaruza akimpa Tetsuo: wavulana wawili waliokulia kituo kimoja cha yatima, wakaendesha pikipiki pamoja, mpaka nguvu za ajabu zilizomwamkia Tetsuo zikawageuza maadui ndani ya Neo-Tokyo. Filamu yake ilipotoka, 1988, nilitoka ukumbini nikilia kwamba hadithi imekwisha.

"Iliyokwisha ni filamu," kaka alinibembeleza. "Otomo bado anachora."

Juni 1990 sura ya mwisho ikatoka gazetini. Usiku ule ule kaka na baba walitupiana maneno ambayo hakuna aliyeweza kuyarudisha. Kaka akavaa koti lake jekundu lenye kidonge mgongoni, kama la Kaneda. Mlangoni akaniinamia.

"Mdogo wangu, Otomo huzirudia kazi zake kabla hazijawa kitabu. Juzuu ya sita ikitoka, nitarudi tuusome mwisho wenyewe, wewe na mimi."

Desemba ile posta ilileta juzuu ya tano. Bahasha haikuwa na anwani ya mtumaji. Baada ya hapo, kimya. Baba akafariki, msibani kaka hakuonekana. Mama hakuwahi kulitaja jina lake, wala sikumwona akimlilia.

Nilipanda treni Suidobashi hadi Nakano, kitabu nimekikumbatia. Kilikuwa kizito, kurasa zaidi ya 400, na Otomo alikuwa amekipa jina la Kaneda. Ndani ya treni nilielewa kwa nini. Tetsuo aliua, akajitangaza mkubwa, mwili ukamgeuka dude asiloweza kulizuia. Dunia nzima ilitaka afe. Kaneda naye alimfuata kwa hasira, lakini alimfuata mpaka ndani kabisa, kwenye kumbukumbu za utoto wao. Mimi kaka yangu nilimfuata wapi? Nilikaa tu nikisubiri posta.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Mama aliaga mchana kwamba ana zamu ya usiku. Nilichana karatasi, nikafunua jalada. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza, kwa penseli, palikuwa na mwandiko wa kaka:

"Usianze peke yako. Ngoja saa mbili usiku."

Saa ya ukutani ilisema saa mbili kasoro dakika tano. Nikatenga vikombe viwili vya chai. Mikono ilinitetemeka, nusu ya chai ikamwagikia meza.

Saa mbili kamili, mlango ukagongwa.

Nilifungua. Aliyesimama pale alikuwa amenipa mgongo. Nikakiona kile kidonge juu ya koti jekundu.

"Kaka!"

Akageuka. Alikuwa msichana wa rika langu, macho yamevimba kwa kulia.

"Aliyekuja dukani asubuhi ni mimi," alisema. "Yeye hakuweza."

"Kaka yangu yuko wapi?"

Badala ya kunijibu alikitazama kitabu mkononi mwangu. "Ukurasa wa mwisho umeufungua?"

"Bado."

"Ufungue sasa. Muda hatuna."

Niliufungua pale pale mlangoni. Chini ya mchoro palikuwa na mstari mmoja wa penseli: "Fuatana na huyu binti. Usimuulize lolote njiani."

Niliusoma mara mbili. Mwandiko haukuwa wa kaka.

Ulikuwa wa mama.

ITAENDELEA WIKI IJAYO