Nyundo: jubilei iliyoanza na maswali

Ukitoka Gisenyi mjini ukashika barabara ya Kigali, haupiti mbali kabla ya kuona kanisa kuu la Nyundo. Wengi wetu tulipita pale ndani ya gari, na mafurushi yetu, bila kujua ni wapi. Tuandike kidogo habari zake, juu zinatugusa sisi wakimbizi kuliko tunavyofikiri.

Mapadri Weupe walifika Rwanda mwaka 1900 pamoja na Askofu Jean-Joseph Hirth, wakaanza misheni ya Save, kule kusini. Mwaka uliofuata, 1901, wakaanzisha Nyundo. Halafu tarehe 1 Juni 1952 padri Mnyarwanda, Aloys Bigirumwami, akawekwa wakfu kuwa askofu wa huku. Ndiye Mwafrika wa kwanza kupata uaskofu katika nchi zilizotawaliwa na Ubelgiji. Congo na ukubwa wake wote ilikuwa bado haijapata wa kwake! Mzee huyu alikusanya methali, hadithi na mila za Kinyarwanda akazichapisha, wakati wamisionari wengi waliziona ushenzi tu. Na miaka ya mwisho ya 1950, siasa ya Mhutu na Mtutsi ilipoanza kuwaka, yeye aliandika akihoji kama kweli shida za nchi zinaweza kuelezwa kwa majina hayo mawili.

Hawakumsikia. Aprili 1994 watu walikimbilia Nyundo wakiamini hakuna atakayemwaga damu kwenye nyumba ya Mungu. Waliuawa humo humo, na mapadri pia. Wauaji wengi walikuwa wabatizwa. Hili ndilo jambo gumu, na hatuwezi kulipita haraka: nchi iliyojaa makanisa, nyimbo na rozari, na bado.

Basi mwaka 2000 ulipokaribia, Kanisa Katoliki lilikuwa na miaka 100 ya kusherehekea. Ingekuwa rahisi kushona vitenge, kupiga ngoma na kualika wakubwa. Lakini kuanzia 1998 majimbo yalifanya kwanza sinodi ya pekee kuhusu ubaguzi wa kikabila. Watu waliiita sinodi ya gacaca, kwa jina la kile kikao cha wazee cha zamani, watu wanakaa kwenye majani na kusema mambo yao. Wakristo walikaa katika vikundi, jirani mbele ya jirani, kuongea yaliyotokea. Mahakama za gacaca za serikali zilikuwa bado hazijaanza.

Kumbukeni hali ya huku wakati ule. Agosti na Desemba 1997 wakimbizi Wakongomani waliuawa katika kambi ya Mudende, hapa hapa upande wa Gisenyi. Waliobaki wakahamishiwa Gihembe, Byumba. Kuna vijana kati yetu ambao wazazi wao walipona pale. Kukaa na jirani kuongea ukabila mwaka uliofuata, hiyo haikuwa semina ya kunywa soda.

Je, ilitosha? Sisi tunaona hapana. Barua ya maaskofu ya kuomba msamaha kwa niaba ya Wakristo waliohusika ilisomwa makanisani Novemba 2016, miaka 22 baadaye, na serikali ikasema bado ni kidogo. Machi 2017 Papa Fransisko alipompokea Rais Kagame Vatikani, akaomba msamaha kwa dhambi za Kanisa na za watu wake. Walichelewa sana. Ila katika ile hatua ya 1998 watu wa chini wenyewe waliketi, na ndiyo tunayoiheshimu zaidi.

Makanisa ya kambini nayo yanatimiza miaka. Tunajua sherehe hizo: jenereta, kwaya sita, keki, hotuba ndefu za wageni. Katika maandalizi ya moja, vijana waligombana nani asalimie kwanza, kwa Kiswahili au kwa Kinyarwanda, na nyuma ya lugha kulikuwa na yale ya Masisi na Rutshuru ambayo hakuna aliyeyataja. Mchungaji alifunga kwa sala, watu wakaenda.

Nyundo inatimiza miaka 125 mwaka 2026. Sisi vijana tumeomba kwamba kabla ya sherehe ijayo ya kambini tupewe siku moja ya kukaa bila maikrofoni, wazee na vijana, kila mtu aseme alitoka wapi na kwa nini alikimbia. Kamati imesema itafikiria. Tunauliza tena Jumapili.