Binti wa Michezo Saba

SIMULIZI YA KWELI: SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA
Jacqueline Joyner, ambaye wengi humwita Jackie, alizaliwa Machi 3, 1962, East St. Louis, mji wa watu wa hali ya chini katika jimbo la Illinois, ukingoni mwa mto Mississippi. Alipotaka kujifunza kuruka chini, yeye na wadogo zake walisomba mchanga kutoka bustani ya umma kwa mifuko mitupu ya krispi, kidogo kidogo, wakaumwaga mbele ya kibaraza cha nyumba yao. Mwaka 1980 chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, kikampa ufadhili wa masomo ili acheze mpira wa kikapu. Januari 1981, akiwa katikati ya msimu wake wa kwanza, habari zikamfikia: mama ameanguka, yuko mahututi.

SASA ENDELEA
Alipofika nyumbani, mama yake, Mary, alikuwa kitandani akipumua kwa mashine. Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imemwangusha ghafla. Ubongo ulikwisha kufa, na pumzi iliyobaki ilikuwa ya mashine tu. Familia ikalazimika kuamua. Mashine zikazimwa.

Kaka yake, Al, ndiye aliyekuwa mkubwa, lakini Jackie ndiye aliyekuwa binti wa kwanza, na nyuma yake walikuwa Angela na Debra. Binti wa kwanza anayefiwa na mama huwa mama siku hiyo hiyo. Akajikaza mbele ya wadogo zake, akazika, kisha akapanda ndege kurudi chuoni, ambako vitabu na mazoezi vilikuwa vikimsubiri.

Pale UCLA alikuwepo kocha msaidizi wa riadha ya wanawake, kijana aitwaye Bob Kersee. Yeye naye alikuwa amefiwa na mama yake akiwa na miaka 18. Alimfuata Jackie kumpa pole, na maneno yake yalikuwa ya mtu aliyepita njia hiyo.

Ndipo akaanza kumtazama vizuri. Chuo kilimjua binti huyu kama mchezaji wa kikapu ambaye pia anaruka chini. Kersee aliona jambo jingine: miguu ya mruka viunzi, bega la mtupa tufe na kasi ya mita 200, vyote katika mtu mmoja. Akaenda kwa wakuu wa michezo wa chuo akiwa na sharti. Ama wampe binti huyu amfundishe michezo saba, ama yeye aache kazi.

Wakuu wakakubali. Lakini hakuna mkuu wa chuo awezaye kumkubalia mtu mita 800.

Msomaji, hapa inafaa tuuelewe mchezo wenyewe. Michezo saba huchezwa kwa siku mbili. Siku ya kwanza kuna mita 100 za viunzi, kuruka juu, kutupa tufe na mita 200. Siku ya pili kuna kuruka chini, kurusha mkuki na mita 800. Kila tokeo hupelekwa kwenye jedwali na kugeuzwa kuwa pointi, na mwenye jumla kubwa ndiye bingwa, hata kama hakuongoza mchezo wowote kati ya saba. Tufe linataka mwili wenye uzito, mita 800 zinataka mwili mwepesi, na mwanariadha ana mwili mmoja tu wa kuvitumikia vyote.

Naupenda mchezo huu kuliko mwingine wowote wa uwanjani kwa sababu haumfichii mtu kitu. Bingwa wa mita 100 anaweza kuishi maisha yake yote bila kushika mkuki. Mtu wa michezo saba hana pa kukimbilia: alilolikwepa mazoezini miezi ya baridi atadaiwa kiangazi, jioni, watu wote wakimtazama, katika mchezo wa mwisho akiwa hoi.

Kwa Jackie, deni lilikuwa huko huko mwisho. Tena lilikuwa limeongezeka bila watu kujua. Akiwa chuoni aligundulika kuwa na pumu, ile inayochochewa na mazoezi makali. Hakutaka kuamini, na kwa muda mrefu aliificha. Anayeruka chini humaliza kazi yake ndani ya sekunde chache. Mita 800 hudai mapafu kwa zaidi ya dakika mbili, na mapafu ya Jackie yaliweza kumgeuka saa yoyote.

Hata hivyo matunda yakaanza kuonekana. Mwaka 1982 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kiliandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya riadha ya wanawake ya kiangazi, huko Provo, Utah. Jackie akatwaa ubingwa wa michezo saba. Mwaka 1983, Houston, akautwaa tena. Miaka yote miwili UCLA ikaondoka na ubingwa wa timu, na msimu wa kikapu ulipofika binti huyo huyo alivaa jezi nyingine akaingia uwanjani kuitumikia timu yake.

Agosti 1983 akaenda Helsinki, Ufini, kwenye mashindano ya dunia ya riadha, ya kwanza kabisa kufanyika. Bingwa wa vyuo vya Marekani alikuwa anakwenda kupimwa na wanawake wa Ujerumani Mashariki, waliokuwa wakiutawala mchezo huu. Msuli wa nyuma ya paja ukamsaliti. Akajitoa kabla ya mashindano kwisha, na Ramona Neubert wa Ujerumani Mashariki akachukua dhahabu. Msuli wa namna hiyo ukishaumia, hata ukipona humwachia mwenyewe shaka, na mrukaji mwenye shaka ni nusu ya mrukaji.

Msimu huo hakucheza kikapu. Alibaki na Kersee kwenye uwanja wa Drake, chuoni hapo, uwanja uliopewa jina la kocha wa zamani wa UCLA, Elvin Drake. Huyo ndiye aliyewafundisha Rafer Johnson na rafiki yake Yang Chuan-kwang wa Taiwan, wanaume wawili waliogombea dhahabu ya michezo kumi kule Roma mwaka 1960. Walifika mita 1500, mchezo wa mwisho, bado hawajaachana, na Johnson akashinda kwa pointi 58. Kila aliyefanya mazoezi Drake aliijua hadithi hiyo na fundisho lake: usihesabu chochote mpaka mbio za mwisho ziishe.

Juni 1984, kwenye mchujo wa timu ya Marekani, Jackie alikusanya pointi 6,520, rekodi mpya ya nchi yake. Julai 28 Olimpiki ikafunguliwa Los Angeles, mji wa chuo chake, na aliyewasha mwenge alikuwa Rafer Johnson mwenyewe. Ujerumani Mashariki haikuja, kwa kuwa ilifuata mgomo wa Umoja wa Kisovieti. Njia ilionekana nyeupe.

Agosti 3, siku ya kwanza, aliyemganda alikuwa Glynis Nunn wa Australia. Kwenye viunzi Nunn alimpita mbali, sekunde 13.02 kwa 13.63. Kwenye kuruka juu wakalingana, mita 1.80. Kwenye tufe Jackie akarudisha, mita 14.39 kwa 12.82. Kwenye mita 200 tofauti yao ilikuwa ndogo kuliko kufumba jicho: 24.05 kwa 24.06.

Siku ya pili ilianza na mchezo wake mwenyewe, kuruka chini, ule wa mchanga wa kwenye mifuko ya krispi. Kila mmoja hupewa nafasi tatu tu. Jackie, paja likiwa limefungwa bandeji, akakimbia, akaruka, na kibendera chekundu kikapanda: amekanyaga nje ya ubao. Mara ya pili, kibendera chekundu tena. Ikabaki moja. Akikosea hii anapata sifuri na mashindano yamekwisha. Akairuka kwa tahadhari, akianzia nyuma kabisa ya ubao. Mita 6.11. Nunn aliruka 6.66.

Mkuki ukamwokoa. Aliurusha mita 44.52, Nunn akaishia 35.58. Baada ya michezo sita Jackie alikuwa mbele kwa pointi 31. Imebaki mita 800, deni lile la zamani.

Hesabu ilikuwa nyepesi na ya kutisha: Nunn akiwa mbele yake kwa sekunde 2 na kidogo, dhahabu bado ni ya Jackie. Akizidisha hapo, imekwenda.

Jioni hiyo hiyo, ndani ya uwanja huo huo wa Coliseum, Al alikuwa akishindana katika miruko mitatu, na mruko wake wa mita 17.26 ulikuwa umemweka juu ya wote. Bastola ya mita 800 ikalia. Mzunguko wa kwanza ukapita. Katika wa pili Nunn akajivuta mbele, na pengo likaanza kukua. Kwenye kona ya mwisho miguu ya Jackie ilikuwa mizito. Hapo Al akatoka mbio ndani ya uwanja, sambamba na mdogo wake, akimpigia kelele asukume mikono, mwisho ndio huu.

Nunn akavuka mstari. Dakika 2, sekunde 10.57.

Jackie bado yuko njiani. Ili dhahabu ibaki kwake, ni lazima avuke kabla saa haijapita dakika 2 na sekunde 12.7. Saa inasoma 2:11. Al anapiga kelele. Saa inasoma 2:12, na mstari bado uko mbele yake...

Je, Jackie atavuka kwa wakati? Na matokeo ya Al yatakuwaje?

ITAENDELEA JUMAPILI IJAYO