Breki laini katika gari la haibridi: dalili, vyanzo na uchunguzi

Kanyagio la breki linapozama kuliko kawaida, fundi mzoefu hujua pa kuanzia: hutazama mafuta ya breki, hutafuta mahali yanapovuja, kisha hutoa upepo. Katika gari la haibridi, yaani gari la mseto lenye injini ya petroli na mota ya umeme, utaratibu huo peke yake hautoshi, na ukifanywa bila tahadhari unaweza kuzidisha tatizo.

Gari la kwanza la aina hiyo kutengenezwa kwa wingi, Toyota Prius, lilianza kuuzwa nchini Japani mwezi Desemba 1997. Tangu wakati huo haibridi zimekuwa teksi za kawaida London na katika miji mingi ya Marekani. Nyingine, baada ya kutumika Japani kwa miaka kadhaa, huuzwa tena Afrika Mashariki kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam.

Breki mbili, kanyagio moja

Haibridi hupunguza mwendo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mota ya umeme. Dereva anapokanyaga breki, mota hiyo hugeuka kuwa jenereta, huyazuia magurudumu na kurudisha umeme kwenye betri. Njia ya pili ni breki za kawaida, ambapo mgandamizo wa mafuta husukuma pedi zikabana diski.

Kompyuta ndiyo inayogawa kazi kati ya njia hizo mbili. Katika Prius, kuanzia toleo la pili la mwaka 2003, mguu wa dereva hausukumi mafuta moja kwa moja hadi kwenye magurudumu wakati mfumo ni mzima. Ugumu anaousikia mguuni hutoka kwenye kifaa chenye springi kilichowekwa makusudi. Vihisi hupima amekanyaga kwa kiasi gani, na mgandamizo wenyewe hutolewa na pampu ya umeme pamoja na akumuleta, yaani kichupa cha chuma chenye gesi ya naitrojeni kinachohifadhi mgandamizo huo.

Mfumo huo ukishindwa, ipo njia ya dharura: masta silinda huunganishwa moja kwa moja na breki za mbele. Gari bado litasimama, lakini kanyagio litashuka zaidi na litahitaji nguvu nyingi zaidi za mguu.

Si haibridi zote zilizoundwa hivyo, kwa hiyo kitabu cha gari husika ndicho chenye kauli ya mwisho.

Ulaini usio ugonjwa

Gari linapokaribia kusimama, mota huachia kazi na breki za mafuta hushika zamu. Dereva anaweza kusikia badiliko dogo mguuni. Vivyo hivyo, gurudumu likipita juu ya shimo au barafu wakati wa kufunga breki, kompyuta hukatisha kazi ya mota, na kwa nukta moja gari huonekana kama limeteleza mbele.

Mwezi Februari 2010 kampuni ya Toyota ilitangaza kuyaita gereji magari zaidi ya 400,000 ya haibridi duniani, baada ya madereva kulalamika kwamba breki zilichelewa kushika katika barabara mbovu au zenye utelezi. Tiba ilikuwa kurekebisha programu ya kompyuta ya breki, wala si kubadili mafuta au pedi.

Kipimo ni hiki: badiliko linalokuja katika mazingira yaleyale na kutoweka papo hapo huenda ni tabia ya gari. Kanyagio linaloshuka zaidi wiki baada ya wiki ni ishara ya hitilafu.

Kwa nini hitilafu hufichika

Katika mwendo wa mjini, dereva anayefunga breki taratibu huifanyisha mota sehemu kubwa ya kazi. Breki za mafuta zinaweza kudhoofika bila yeye kutambua. Udhaifu hujitokeza anapolazimika kusimama ghafla, au anaposhuka mlima mrefu hadi betri ikajaa na kushindwa kupokea umeme zaidi. Hapo mzigo mkubwa huangukia breki za mafuta.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, taa. Taa nyekundu ya breki, taa ya njano ya ABS na mlio wa onyo havipaswi kupuuzwa. Hata hivyo, kutowaka kwa taa si uthibitisho kwamba breki ni nzima, kwani upepo kidogo ndani ya mafuta unaweza usiwashe taa yoyote.

Pili, mafuta. Kiwango kikishuka, ama pedi zimelika au mafuta yanavuja. Kuongeza mafuta bila kutafuta sababu ni kuficha dalili. Aidha, katika mifumo yenye akumuleta kiwango hupanda mgandamizo unapotolewa, hivyo kisomwe kwa utaratibu wa kitabu cha gari.

Tatu, umri wa mafuta. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji kiwango hicho cha chini hushuka hadi nyuzi 140. Kanyagio lililo gumu asubuhi na laini baada ya mteremko mrefu huashiria mafuta yaliyochoka.

Nne, mguu. Gari likiwa limewashwa na limesimama, dereva akanyage kwa nguvu ya wastani na kushikilia. Kanyagio likizama polepole, huenda mafuta yanavuja nje au ndani ya masta silinda. Likipanda baada ya kukanyagwa mara kadhaa, upepo hushukiwa. Lakini kwa sababu ya ile springi, jaribio hili halitoi hukumu ya mwisho.

Tano, sikio. Pampu kunguruma kwa sekunde chache mlango wa dereva unapofunguliwa ni jambo la kawaida katika Prius. Ikinguruma tena na tena bila mtu kukanyaga breki, mgandamizo unapotea mahali fulani.

Sita, skana. Katika magari ya Toyota, namba C1252 huonyesha kwamba pampu inafanya kazi kwa muda mrefu mno, C1256 kwamba mgandamizo wa akumuleta uko chini, na C1391 kwamba unavuja isivyo kawaida. Skana inayosoma kompyuta ya injini pekee haitaziona namba hizo, na mwenye gari ataambiwa kimakosa kwamba hakuna tatizo.

Akumuleta ikivuja

Mwezi Juni 2013 Toyota iliyaita gereji magari yapatayo 242,000 ya Prius na Lexus HS 250h yaliyotengenezwa mwaka 2009. Sehemu ya chuma ndani ya akumuleta ilikuwa inaweza kupasuka kwa uchovu, na naitrojeni ikavuja kidogo kidogo na kuingia kwenye mafuta ya breki. Matokeo yake ni kanyagio linalokwenda chini zaidi kila siku. Fundi akitoa upepo tu, ulaini utarudi, kwa kuwa chanzo cha gesi kimo ndani ya mfumo wenyewe.

Anayenunua gari lililotoka Japani anapaswa kuuliza kama marekebisho ya namna hiyo yalifanywa kabla halijasafirishwa. Magari hayo hutumia namba fupi ya chasisi, ambayo huenda isitambuliwe na mitandao ya nchi nyingine inayodai namba yenye tarakimu na herufi 17.

Kazi isiyo ya kubahatisha

Mgandamizo ndani ya akumuleta huzidi ule wa tairi la gari dogo zaidi ya mara 40. Kufungua bomba kabla ya kuutoa kunaweza kumjeruhi fundi, na pampu inaweza kuamka kwa kufunguliwa mlango tu. Chombo cha mafuta kikikauka kazini, upepo huingia mahali ambapo kwa kawaida hautoki bila skana yenye uwezo wa kuiamuru pampu.

Kanyagio likizama barabarani, mazoea ya kulipigapiga hayafai hapa, maana kila pigo linaweza kumaliza akiba ya mgandamizo iliyobaki. Dereva akanyage kwa nguvu zote na kushikilia, asogeze gia kwenye B ikiwa ipo, na gari likishasimama aweke breki ya maegesho. Baada ya hapo gari hilo halipaswi kuendeshwa hata kufika gereji; livutwe.